Jina la Kwenye Kiitikio

Wimbo ule umenichosha, na anayetaka kunipongeza kwa sababu yake aende zake. Papa, baba yangu, ndiye aliyeutunga, kwa gitaa la kuazima, kwetu mtaani Kabondo, siku ya kumaliza matanga ya mdogo wangu wa kike aliyekufa kwa surua. Ulikuwa mwaka wa uhuru. Kwetu wimbo wa matanga huita jina la marehemu kwenye kiitikio. Papa akaliita, mtaa mzima ukaitikia.

Bendi moja ya mji mkuu, Léopoldville, iliyokuja kupiga kwenye sherehe za uhuru, ikausikia, ikaenda nao studio. Mama alitaka kitu kimoja tu: asikie jina la mwanawe kwenye santuri. Santuri ilipofika tukajazana kwa tonton mmoja, mjomba wa mtaani mwenye gramafoni. Kiitikio kikaja. Eti wanaita jina la muuza bia! Mabwana wale walidhani nafasi ile ni ya kumtaja tajiri. Mungu wangu, mtoto amekufa, wao wanasifu bia!

"Ngoja," papa akasema, "utapigwa tena." Ukapigwa, ndiyo! Bendi ya pili ikaweka jina la mpenzi wa mwimbaji. Waasi wakauteka mji, wakaufanya wimbo wa mchakamchaka, wakamtia kamanda wao. Waasi wakafukuzwa, wanajeshi wa serikali, wale wa Kapalata, wakamtia ofisa wao. Na kila mara mama anaacha sufuria motoni, anasogelea redio, anasikiliza mpaka kiitikio, anarudi jikoni. Pondu, kisamvu chetu, inaungua, tunakula hivyo hivyo. Nilitamani kuipasua ile redio.

Nikaenda mwenyewe kwenye kituo cha redio kulalamika. Kijana wa pale akanicheka. "Bon, dada, wimbo wa kila mutu hauna mwenyewe." Hauna mwenyewe! Mwenyewe ni papa, yuko nyumbani anashona suruali za watu!

Nikarudi nimefura. Namkuta mama anatwanga pondu huku anauimba wimbo ule ule, na kwenye kiitikio, kwa sauti safi kabisa, anamwita ofisa wa Kapalata.

"Mama! Hata wewe?"

Hakuacha kutwanga.

"Jina ya mutoto wangu nilishajaribu," akasema. "Nikifika pale, sauti inakatika. Na ya huyu, naimba mpaka mwisho."