Moscow Karibu, Lindi Mbali

Mpaka leo, ndege ikipita chini chini juu ya Gongo la Mboto na mabati yakatetemeka, mie huacha nilichoshika nikaitukana. Wajukuu hunicheka. Wacheke tu, hawajui.

Kaka yangu Selemani alipopelekwa na serikali kusoma Urusi, enzi hizo Ujamaa ndio kwanza umepamba moto, mama alilia kama amefiwa. Aliyembembeleza ni jirani yetu Mzee Athumani, mpakia mizigo pale uwanja wa ndege. "Mama Sele, unalia nini? Ndege ikipaa jioni hapa, kesho mchana ishafika Moscow!" Mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kwao Lindi, masika yakikolea, mtu alilala matopeni hata wiki akingoja pantoni ya kuvuka Rufiji. "Kumbe karibu!" akasema. "Lindi ndiyo mbali." Basi ikawa kutamba bombani kwamba mwanawe yuko karibu kuliko ndugu zake. Nami nikaamini. Nilidhani nikipanda juu ya paa nitauona moshi wa jiko lao.

Masika moja mama akaugua tumbo, likavimba, hospitali wakamrudisha nyumbani. Baba akapeleka telegramu Lindi na Moscow. Mama akaniamuru nitandike kitanda cha Selemani, na kila ndege iliyotua alinituma barabarani nikamtazame. Nilirudi miguu imejaa tope. "Bado, mama."

Siku moja tukasikia hodi. Mama akajiinua, jamani, mtu ambaye hata kikombe cha uji kilikuwa kinamshinda! Aliyeingia ni mjomba wa Lindi, tope mpaka magotini, viatu kavishika mkononi. Mama akamtazama, kisha akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Huyu wa mbali amefika," akasema. "Mwanangu yuko karibu. Hataki tu kuja."

Akageukia ukutani. Hakuulizia ndege tena, na wiki haikuisha tukamzika.

Nilimchukia Selemani, nilimchukia hasa. Alirudi masomo yalipokwisha, na kweli, alipaa jioni akatua kesho yake mchana. Akaniambia telegramu aliipata. Alikwenda kwa wakubwa wake akawalilia, wakamwambia tiketi ya serikali ni ya kwenda na ya kurudi akimaliza, basi. Na nauli ile, ukoo wetu mzima ungeuza mpaka minazi, isingetimia. Mzee Athumani, Mungu amrehemu, alituhesabia saa za angani tu. Miaka ya kungoja ruhusa ya kupanda hakuitaja, wala sie hatukujua kwamba nayo ni safari. Niliyajua hayo ukubwani, mama yuko kaburini na kinyongo chake.

"Mama alisema nini?" kaka akaniuliza.

"Alikutaja wewe," nikamwambia.

Akamshukuru Mungu.