Chipu Iliyopimwa Kivulini

Bright ana duka Bwera, karibu na mpaka, na hupenda sana mashine inayomkubalia. Hutengeneza vyombo vya kutotolea vifaranga. Ndani ya kila kimoja mna chipu ndogo anayoiandikia programu ya kulinda joto. Akimaliza, kompyuta huisoma chipu tena kuhakiki kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Ikionyesha "sawa", Bright hugeuza kioo ili mteja naye aone, kisha humpa mkono kila aliyepo, hata aliyeingia kuchaji simu.

Alipotaka kumwoa dada yangu Docus, mama yetu Yayeri hakutaja mbuzi wa mahari. Alimpa mayai ayaweke kwenye chombo chake, hapo hapo nyumbani kwetu.

"Yakitotolewa, uje na wazee wako."

Docus, aliyesoma naye chuo, alimwomba aihakiki chipu kwa volti nne na nusu, halafu kwa tano na nusu.

"Imepita kwa volti tano," Bright akasema. "Mtu amefaulu mtihani, wewe unamrudisha darasani?"

Kwetu Kisinga volti tano hazikai mahali pamoja. Jua lilipowaka vizuri, umeme wa sola ulipanda, chipu ikaisoma vibaya programu yake yenyewe, na joto halikuzimwa. Jioni Mama alimenya yai moja, akalinyunyizia chumvi ya Katwe.

"Limeiva," akasema.

Asubuhi Bright alifika kwa boda, ameshika kompyuta kifuani. Mama hakumjibu salamu, alimgeukia Docus.

"Huyu ulimwona wapi?"

"Dukani, Mama."

"Amekaa?"

"Amekaa."

"Feni iko?"

"Iko."

"Basi bado hatujamwona." Akampa Bright jembe na kumwonyesha shamba la pamba.

Kufikia saa sita shati lilikuwa limemgandia mgongoni.

"Hii shamba inaisha wapi?" aliuliza, bila hata kuongeza "Mama" ya heshima.

Akaomba ruhusa aipime chipu barazani. Volti nne na nusu, sawa. Tano, sawa. Tano na nusu, makosa. Safari hii hakugeuza kioo. Docus alikigeuza.

Bright akaichomoa ile chipu, akaandika programu kwenye nyingine. Hiyo ilipita kote.

"Na ile ya kwanza mnaifanya nini?" Mama akauliza.

"Tunatupa, Mama."

Mama akamtazama Docus. Docus akatazama shamba.

Bright alifunga kompyuta, akaliendea jembe bila kuambiwa. Jua lilikuwa bado utosini.