Pima Gari Likiwa na Mzigo

Mume wangu alipokufa, ndugu zake walianza kukagua vitu vya nyumba yangu kabla chakula cha matanga hakijapoa. Vitanda waliniachia. Cherehani pia waliniachia, kwa kuwa hakuna mwanamume aliyetaka kuonekana mtaani Katuba ameibeba. Kilichowatoa mate ni gari: pikapu ya zamani, ya kijani kilichofifia, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Marehemu aliiendesha miaka mingi akiwa dereva wa kampuni ya shaba, na ilipochoka akainunua yeye mwenyewe. Shemeji yangu mkubwa, karani wa ofisi ambaye hata Jumapili abakosti yake, ile suti isiyovaliwa tai, imenyooshwa pasi, alikaa kwenye kiti cha marehemu na kutoa hukumu.

"Citoyenne," aliniambia, yaani mwananchi kwa Kifaransa cha ofisi, kana kwamba hatujawahi kula sahani moja, "mwanamuke na pick-up, juu ya kufanya nini? Hii gari iko ya ukoo."

Aliyemkatiza ni shangazi wa marehemu, mkubwa wa ukoo wao. Alikumbusha kwamba ng'ambo ya kinamasi, nje ya barabara ya Kipushi, kuna shamba la mahindi nililolilima pamoja na marehemu, na kwamba mwaka uliopita gari lilizama pale mavuno yakaoza.

"Akivusha mahindi yake na hii gari," alisema, "yeye mwenyewe akiendesha kwa volant, mbele ya kumaliza matanga, gari itakuwa yake. Akishindwa, wee utaibeba."

Matanga yangekwisha baada ya Pasaka. Majira hayo mahindi yamekomaa, lakini maji ya kinamasi bado hayajaondoka. Nilikubali palepale. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijawahi kunishauri vibaya kama watu wanavyodai.

Nilijua kwa nini gari lilizama. Malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili ya magurudumu, na katikati udongo umeinuka. Pikapu ikijaa, ilikuwa inalalia tumbo juu ya udongo ule, magurudumu manne yakizunguka bure. Ilibidi iinuliwe. Nikaipeleka Kamalondo, kwa fundi aliyekuwa rafiki wa marehemu.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na gereji ile ilikuwa na nywele nyingi. Mmoja alitaka tuweke vipande vya chuma kati ya ekseli na springi. Mwingine alitaka springi nzima za lori, gari liwe gumu kama kanisa. Fundi mwenyewe alipenda jumelle ndefu. Jumelle ni vile vyuma viwili vinavyoishika ncha ya springi. Ukivirefusha, gari linapanda.

"Mama, itasimama juu! Bantu bataona," alisema.

Nikamwamini. Siku alipomaliza, pikapu ilisimama kifua mbele, nami nikaizungusha mjini polepole kuliko ilivyohitajika. Wauza mboga walinipigia vigelegele. Asubuhi iliyofuata nilipakia magunia sita ya pumba niende nayo Ruashi. Gari likakaa chini palepale lilipokuwa likikaa zamani, halafu usukani ukawa mwepesi, ukinipeleka huku na huko mpaka nikakwangua ukuta wa parokia. Padre alitoka, akautazama ukuta, akanitazama mimi, akarudi ndani. Kupotea njia ndiyo kujua njia, lakini siku ile sikuona njia yoyote. Zilibaki wiki tatu, na nililia mbele ya watu bila aibu.

Jibu nililetewa na tumbo la mteja. Mimi ni mshonaji, na miaka ile ya chama kimoja nilishona abakosti mpaka vidole vikaota sugu. Alikuja mkubwa mmoja wa ofisi kujaribu yake, akasimama wima, pumzi ameibana ndani, akasema imemkaa vizuri sana. Nikamwambia, kama ninavyowaambia wote, "Kaa kwanza, baba." Mteja nampima ameketi na ameshiba, maana hatavaa nguo yangu ili asimame mlangoni mwangu. Akaketi, kifungo cha tatu kikaruka. Nilibaki na pini mdomoni nikikitazama. Gari langu tulilipima likiwa limebana pumzi.

Siku hiyohiyo nilirudi Kamalondo na futi yangu shingoni.

"Toa hizo jumelle," nilimwambia fundi. "Halafu weka muzigo. Magunia kumi na mbili ya muchanga. Tutapima kisha."

"Mama, siye tunapimaka gari iko tupu."

"Na miye sitabeba upepo."

Wakacheka. Wakapakia hata hivyo, kwa sababu sikuondoka. Nilijilaza chini na kitenge changu, nikapima kutoka ardhini mpaka tumboni, kisha nikazitazama springi. Zile lame, vyuma bapa vinavyolaliana, ambavyo vinapaswa kupinda kama ubao wa kiti cha kubembea, zilikuwa zimenyooka, nyingine zimeanza kupindia upande wa pili. Springi iliyochoka namna hiyo, hata uirefushie jumelle mpaka mbinguni, mzigo utaishusha. Wanaume waliacha kucheka, wakainama mmoja mmoja.

Tukakubaliana: mhunzi azikunje upya lame za zamani, na chini ya kila fungu la nyuma tuongeze mbili fupi, nene, ambazo hazigusani na zile za juu mpaka gari lijae. Ni kama pindo unaloliacha ndani ya sketi ya msichana anayekua: halionekani, lakini siku ikifika lipo.

Kuzichagua nilikwenda mwenyewe, kwenye uwanja wa vyuma vikuukuu njia ya Kipushi. Muuzaji alinisukumia zilizopakwa rangi. Nikaazima nyundo, nikagonga kila moja nikiwa nimeining'iniza kwa kamba. Nzima inalia, na mlio wake unakaa. Yenye ufa inasema ko, basi. Zilizosema ko nilizitupa upande, muuzaji akinung'unika kwamba mama huyu anapiga kengele za misa. Nikapata nne zilizolia, nikazikumbatia mpaka kwenye gari, kutu ikanijaa mikononi.

Zilipofungwa niliomba gari liinuliwe, magurudumu yaning'inie. Nikaona bomba la mpira la breki limevutika, na amortisseur, zile bomba za kumeza mitikisiko, zimefika mwisho wa urefu wake. Mikono mifupi! Gari refu limevalishwa shati la mdogo wake. Nikataka virefu zaidi, vyote. Fundi alishika lile bomba, akalivuta kidogo.

"Hii ingekatika mu kinamasi," alisema. "Mama, uliona sawa."

Niliringa siku tatu.

Wiki ya Pasaka shangazi na shemeji walikuja kushuhudia. Teksi iliwashusha upande wa mjini wa kinamasi ikageuza. Shemeji alikuja na dereva wake, amrudishie gari nyumbani. Hakuona haya kunitambulisha naye. Nilivuka nikiwa tupu, springi zikinirusha kichwa mpaka kwenye paa, nikapakia magunia kumi na mawili, nikarudi.

Niliingiza gia ya kwanza, magurudumu manne yanavuta. Niliposhuka kwenye mifereji nilihisi zile lame fupi zikipokea mzigo, kitu kigumu kikinibeba kutoka chini. Matope yalifika kwenye vitovu vya magurudumu. Mahali lilipozama mwaka uliopita nilisikia nyasi zikisugua tumbo la gari. Nyasi tu. Nilimwita mume wangu kwa sauti, kisha nikakanyaga mafuta, na pikapu ikapanda kingo ikitiririka maji, nami napiga honi kama bibi harusi. Sijawahi kufurahi vile tena, hata siku za watoto wangu.

Shangazi alilizunguka gari zima, akainama, akachungulia chini. Kisha akapanda mbele, kando yangu. Shemeji alipokamata mlango amfuate, shangazi aliuvuta ukajifunga.

"Wee panda nyuma na dereva yako," alimwambia. "Gari iko na mwenyewe."

Shemeji akapanda juu ya magunia yaliyorukiwa matope, na abakosti yake. Mpaka Katuba sikukwepa shimo hata moja.