Ufunguo wa Jirani wa Juu

Ipo siku moja ya vita, mwanangu, ambayo siikumbuki kwa mlio wa bunduki bali kwa mlio wa maji. Uliponiambia juzi kwamba wapangaji wenzako wamekuchagua usimamie jengo lenu, na kwamba jambo la kwanza waliloleta mbele yako ni maji yanayovuja kutoka nyumba hadi nyumba, nilicheka kidogo. Nikaona afadhali nikueleze habari za Mama Mwamini. Mengi ninayoyajua kuhusu kukaa na watu chini ya paa moja nimeyapata kwake, na mpaka leo namshukuru.

Wakati huo nilikuwa bibi arusi wa juzijuzi. Mume wangu alikuwa mwalimu, na tulipanga hapa Kamina, upande wa stesheni, katika jengo la zamani la matofali ya kuchoma. Familia nne zilikaa chini, nne juu, na ngazi katikati. Vita vilikuwa vimebana njia zote. Treni ilikuja ilipotaka. Mafuta ya mashine za kusukuma maji yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo mabomba yalikauka siku nyingi, pengine wiki, kisha maji yakarudi bila kupiga hodi.

Sikiliza basi desturi tuliyokuwa nayo. Kwa kuwa hakuna aliyejua maji yatarudi lini, kila nyumba iliacha bomba wazi na kuweka sufuria au beseni la bati chini yake. Maji yakirudi, bati linalia, mama wa nyumba anakimbia na ndoo kabla hayajakatika tena. Ilikuwa akili nzuri, mradi mtu yupo wa kusikia. Lakini vita havimwachi mtu nyumbani kwake. Ukisikia uvumi asubuhi, unafunga mlango na kwenda kulala mashambani, na nani atakumbuka kufunga bomba ambalo halijatoa hata tone tangu wiki iliyopita?

Mama Mwamini alikumbuka. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara, Mwislamu, watu wake wametoka Kasongo zamani, na alikaa mlango wa kwanza chini. Aliuza mafuta ya mawese na samaki wakavu waliotoka ziwa Kisale. Aliwahi kupoteza mzigo mzima wa samaki kwa sababu ya bomba la jirani, huko alikokaa kabla ya kuja kwetu, na alipenda kusema, "Samaki akirudia maji mara ya pili, hakuna mununuzi." Basi kila Jumapili, Wakatoliki tukishatoka misani, alitukusanya chini ya ngazi. Pale palikuwa na kifungio kikubwa cha maji ya jengo zima, sisi tulikiita vane. Kila Jumapili alimwita mtu wa nyumba nyingine akifunge na kukifungua, ili kisishike kutu, na ili kila mkono ukijue. Alitaka magunia yote ya chini yakae juu ya mbao, mbali na ukuta wenye mabomba. Na alitaka kila nyumba ya juu iache ufunguo wa akiba kwa nyumba iliyo chini yake.

Hapo kwenye ufunguo ndipo palipokuwa na kelele. Mwanangu, vita vinafundisha watu kuficha. Mtu alikuwa anaficha redio, anaficha chumvi, anaficha hata sabuni. Leo umwambie ampe jirani ufunguo? Juu yetu alikaa Papa Ngoie, mfanyakazi wa reli, mtu mkubwa wa maneno. Alisimama pale kwenye ngazi, mikono kiunoni.

"Mama Mwamini, fungulo iko sawa na bibi. Muntu haazimake bibi yake."

"Bibi yako?" Mama Mwamini hakuinua hata sauti. "Bibi yako iko kwangu kila asubuhi, anakunywa chai. Sijasikia ukilalamika."

Watu walicheka mpaka Papa Ngoie mwenyewe akacheka. Mume wangu naye akaongeza, kwa Kifaransa cha shule kwanza kisha kwa Kiswahili, kwamba mama huyu anatufundisha kuogelea mahali ambapo maji ya kunywa hayapo. Mama Mwamini akamgeukia. "Mwalimu, mutoto anafundishwa kusoma mbele ya kupewa barua, ao nyuma?" Na mwisho Papa Ngoie aliutoa ufunguo, akauweka mkononi mwangu kama mtu anayetoa jino. Niliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Sikufikiria kwamba nitaugusa.

Karibu na mwanzo wa mvua, baba yangu alikuja kutoka kijijini, njia ya kwenda Luena, kwa baiskeli iliyobeba mpaka ukashangaa gurudumu linavumilia. Alileta mbegu: mahindi, karanga, maharage kidogo. Zilikuwa mbegu za ukoo wetu, zake na za ndugu zake. Huko kijijini watu wenye silaha walikuwa wakipita na kula chochote walichokikuta ndani ya ghala, na mwenye tumbo tupu hatofautishi mbegu na chakula. Ndugu walikaa wakakubaliana: zipelekwe mjini kwa Mwadi, zingoje mvua. Mwadi ndiye mimi. Mbegu zikipotea, hakuna wa kumwazima, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa hivyo hivyo. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakusema habari ya mahindi yaliyolowa. Tuliyapanga magunia juu ya mbao kama Mama Mwamini alivyotaka, na baba akatandika mkeka karibu nayo, akalala hapo.

Haikupita siku nyingi, uvumi ukaja. Asubuhi watu walikuwa wanafunga mizigo, wanafunga watoto migongoni, wanaelekea mashamba ya mihogo. Mume wangu alimsindikiza mama yake. Papa Ngoie na mke wake, Mama Solange, walishuka na watoto, wakafunga mlango wao. Baba yangu alikataa kuondoka. "Miye naacha hii mbegu, naenda wapi? Nikafike kwa bandugu na mikono mitupu?" Nami sikuweza kumwacha. Mama Mwamini naye alibaki, akasema miguu yake imeshakimbia vya kutosha maisha haya.

Jengo likawa kimya, kimya ambacho sijakisikia tena. Nilikuwa napepeta mchele mlangoni, jua liko juu, niliposikia bati likilia huko juu. Kisha lingine. Kisha bomba langu mwenyewe likakohoa, likatema kutu, likaanza kutoa maji safi. Nilifurahi, mwanangu. Nilikimbia na ndoo kama mtoto. Nilijaza kila chombo kilichokuwa ndani, saa nzima na zaidi, ndipo baba akaniita kwa sauti ya chini sana.

"Mwadi. Tazama hapa."

Dari lilikuwa na alama nyeusi, kubwa kama sinia, juu kabisa ya magunia. Inakua tukiitazama. Tone likaanguka juu ya gunia la karanga.

Tulianza kuvuta magunia, yeye na mimi. Baba alikuwa mzee, na gunia la mahindi si mto wa kulalia. Mama Mwamini akaingia, akatazama dari, akatoka, nikasikia vane chini ya ngazi ikizunguka. Haikumshinda, kwa kuwa Jumapili iliyopita tu ilikuwa imezungushwa. Maji yakakatika kila mahali. Nikashusha pumzi.

Lakini tone halikukoma. Maji yaliyokwisha kumwagika kule juu yalikuwa yamekaa sakafuni kama ziwa, yanatafuta ufa wa kushukia. Na Mama Mwamini hakutaka vane ikae imefungwa muda mrefu. Nyumba nane zilikuwa zimengoja maji hayo, na ndoo za watu waliokimbia zilikuwa tupu. Ilipasa bomba la juu yetu lifungwe, sakafu ikaushwe, kisha maji yarudishiwe watu.

Nilichukua ufunguo kwenye msumari. Nikapanda ngazi. Nikasimama mbele ya mlango wa Papa Ngoie. Niliwaza: mtu hayupo, ni vita, vitu vinaibwa kila mahali. Kesho akikosa kijiko, atasema nini? Atasema bibi ya mwalimu aliingia. Mama Mwamini akanikuta nimesimama pale, anapanda kwa taabu, mkono kwenye ukuta.

"Unangoja nini?"

"Mama, mwenyewe hayuko. Tungoje arudi, atafungua."

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Mwadi, mutoto wangu. Ile fungulo balikupatia ya kuangaliaka, ao ya kufungula mulango? Papa Ngoie alishakuitika. Alikuitika siku ile ya kicheko, wakati hakuna maji. Leo haiko siku ya kuomba ruhusa, leo njo siku ya kuitumia. Baba yako anabeba mbegu pekee yake kule chini, weye unalinda heshima yako."

Sijapata kukemewa vizuri namna hiyo. Nikafungua.

Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Beseni lilikuwa limejaa na kufurika, na tambara lilikuwa limeziba tundu la sakafuni la kutolea maji, ambalo kwa majirani wengine liliyapeleka nje. Nilifunga bomba, nikavuta tambara, nikafagia maji kuelekea veranda, huku Mama Mwamini akiinua godoro la watoto lisilowe zaidi. Nilipofika kwenye kona niliona sanduku la Mama Solange. Sanduku lile tulilijua wote, alilisifia kila siku, kwamba limejaa vitenge vya harusi yake. Maji yalikuwa yamelisogeza na kifuniko kimefunguka. Ndani hamkuwa na kitenge hata kimoja. Nilielewa mara moja watoto wake walikuwa wanakula nini miezi ile. Nikalifunga, nikaliweka juu ya kiti. Mama Mwamini aliniona. Alinipa tambara jingine tu.

Tuliporudi chini, kipande cha dari kilikuwa kimeanguka pale pale magunia yalipokuwa. Baba alikaa sakafuni, amechoka, kifua kinapanda na kushuka, na magunia yamepangwa upande wa pili kama watoto waliotolewa kwenye moto. La karanga lilikuwa limelowa upande mmoja. Tulizimwaga karanga juu ya mikeka, kivulini penye upepo, tukazigeuza kwa vidole hadi jioni. Mama Mwamini alifungua vane, kisha akapita na ndoo zake na zangu, akaacha maji mlangoni pa kila jirani wa chini aliyekimbia.

Uvumi ulikuwa uvumi. Siku ya pili watu walirudi. Papa Ngoie alipanda kwake, na baada ya kitambo akashuka. Alisimama mlangoni petu.

"Bibi ya mwalimu, weye njo uliingia kwangu?"

"Njo miye, papa. Maji yalirudi."

Alitazama dari langu lililoanguka. Akatazama chini. "Uliona sanduku ya Mama Solange?"

Wasemao husema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Siku ile kata ilikuwa mimi. Nikamjibu, "Papa, nyumba ilikuwa maji matupu. Niliona maji tu."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea kitu kizito na kukuta kinabebeka. Kesho yake alikuja na mbao na misumari, akatengeneza dari letu mwenyewe, akipiga kelele tangu asubuhi kwamba mafundi wa zamani walikuwa wezi. Mama Solange alinisalimia kama kawaida, ila tangu hapo aliniita dada.

Mvua ziliposhika, baba alirudi na mbegu kijijini. Zilipandwa. Sitakudanganya kwamba mavuno yalikuwa makubwa, ila yalikuwepo, na kwa mwaka ule neno hilo lilitosha. Alituletea mahindi mabichi kwa baiskeli ile ile, na fungu la kwanza alilipeleka kwa Mama Mwamini, akalipokea kwa mikono miwili. Mama yule amepumzika sasa. Kila ninapowaombea wazazi wangu, naye namtaja, ijapokuwa yeye alisali kwa njia yake nami kwa yangu.

Basi, mwanangu, ukikaa na wapangaji wako, waoneshe kifungio cha maji kilipo, na kila mmoja akizungushe kwa mkono wake mwenyewe, kwa zamu, kabla hakijakwama. Mali za walio chini ziinuliwe kutoka sakafuni wakati sakafu bado kavu. Waambie anayetoka afunge bomba hata kama halitoi. Hayo ni ya mikono, mtu yeyote atakufundisha. Lakini lililo kubwa ni ruhusa. Waombe watu wakubaliane mapema nani ataingia kwa nani, wakubaliane wakati wanacheka, kwa maana siku ya balaa hakuna nafasi ya kuombana. Chagua wa kupewa ufunguo kwa mdomo wake unaotunza siri kuliko kwa nguvu zake. Na wewe mwenyewe ukiingia kwa mtu asiyekuwepo, okoa unachoweza, na uyaache macho yako humo humo ndani. Mengine utayajua ukiwa na watu, kwani fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mungu akubariki katika kazi hiyo uliyopewa. Akujalie majirani wanaoweza kuingia kwako usipokuwepo, wakatoka wameacha baraka tu, na akufanye wewe uwe jirani wa namna hiyo kwao. Amina.