Miguu ya Ng'ombe wa Mbao

Juzi, Upper Hill, nilimwona mama mmoja wa usafi amesinzia kwenye ngazi, viatu vyake kando. Nikamkumbuka Tata, dada yake mama yangu, aliyekuwa akikata vibao vya maduka kwa mashine ya leza pale Dagoretti Corner.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, nilimpelekea mchoro wa ng'ombe. Mwalimu alitaka kila mtu alete mnyama wa mbao kesho yake, na atakayekosa angesimama mbele ya darasa aeleze kwa nini. Mimi kusimama mbele ya watu nilikuwa siwezi.

Tata alinifundisha kulaza ubao na kushusha kifuniko. Mwanga ulitembea polepole, na moshi ukanuka kama ugali ulioungua. Miguu miwili ilipotoka, alizima.

"Mashine imechoka. Wacha ipumzike kidogo."

Akavua viatu, akaketi, akalala.

Nilisubiri. Nje makanga walianza kuita abiria wa jioni, na ng'ombe wangu alikuwa na miguu miwili tu. Kumwamsha Tata niliona haya. Nikachukua daftari, nikaanza kuipepea mashine ili ipate nguvu upesi.

"Unafanya nini, wewe?"

"Naipepea, Tata. Bado imechoka?"

Alinitazama bila kucheka, kisha akaiwasha.

"Imepumzika. Haya, bonyeza mwenyewe."

Nikakata miguu iliyobaki. Siku hizi nami nakata vibao, na najua mashine ile ingeweza kufanya kazi hadi asubuhi. Ningejua wakati ule, ningempepea yeye.