Mbawakawa Ndani ya Kanyanga

Miaka ile ya vita maabara ya chuo chetu ilikuwa imeporwa, na spiriti haikupatikana Bukavu nzima. Nilikuwa nikiandika tasnifu juu ya mbawakawa wadogo wa majini, wale wawindaji wasiozidi punje ya mtama. Nikawahifadhi kwa kanyanga, pombe kali inayopikwa mitaani, nikazificha chupa chini ya kitanda. Baba alikuwa katekista. Nyumbani kwetu Bagira pombe hiyo haikutajwa hata kwa mzaha. Kosa langu halikuwa kuinunua bali kuificha.

Jumamosi moja harufu ilimfikisha Baba kitandani kwangu. Nilipoingia, alikwisha kumwaga chooni chupa zote isipokuwa moja, na kazi yangu ya miezi minane ilikuwa imekwenda nazo.

“Mu nyumba yangu, kanyanga?”

“Papa, iko ya wadudu. Ya mémoire yangu ya chuo.”

Aliiinua chupa kwenye mwanga, akaviona vidoa vyeusi vya wadudu vimetulia ndani yake. Akaketi.

“Juu ya nini haukuniambia?”



Kesho yake, baada ya misa, alikwenda mtaa wa Cimpunda kununua kanyanga yeye mwenyewe, mchana, koti la kanisani mwilini. Nilimfuata.

“Papa katekista!” muuzaji alipaza sauti. “Divai ya padri imeisha?”

“Iko ya wadudu ya mutoto wangu.”

“Wengine wanasema iko ya dawa. Wewe, wadudu!”

Wanawake waliangua kicheko. Baba alilipa, akaibeba chupa mkononi.

Alasiri tuliingia katika dimbwi nilikowavua wale wa kwanza, chandarua kuukuu mikononi, suruali yake imekunjwa hadi magotini. Risasi zilisikika kwa mbali, milimani. Nilimwonyesha mbawakawa akipanda kinyumenyume, ncha ya mwili ikigusa uso wa maji, akijaza hewa chini ya mabawa magumu kabla ya kuzama tena kuwinda. Na buu lake likimfyonza kiluwiluwi wa mbu hadi akabaki ngozi tupu.

“Angalia, angalia,” alinong’ona. “Iko anapumulia matako!”

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Tulicheka hadi maji yakatibuka.

Hata hivyo, spishi tatu zilizomwagwa, ambazo zilikuwa katika orodha yangu ya kwanza, hatukuziona tena. Siku ya kutetea tasnifu, profesa aliniuliza zilikokwenda. Ningetaja vita, angeniamini. Wengi walivitwika makosa yao wakati ule. Baba alikuwa ameketi safu ya nyuma, kichwa chini. Nikajibu kwamba zilipotea kwa uzembe wangu mwenyewe, nikaomba alama zipunguzwe ipasavyo. Zikapunguzwa.