Agripina na Foleni Iliyopotea

Agripina, mama lishe wa Mbinga mjini, alikuwa na akili ya kuwashinda wachumi: aliuza chakula mahali ambapo mteja hawezi kuondoka. Enzi za ushirika, wakulima wa kahawa walikuja mjini kufuata malipo, karani akawaambia "kesho", nao wakalala barazani siku tatu. Agripina aliwapikia ugali na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay. Mumewe, Wendelin, alibaki kijijini Kitura na mibuni. Yule karani mzembe, Mungu ambariki, ndiye aliyemsomesha binti yao Zita hadi kidato cha pili.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda na magari mpaka vijijini, wakapima kahawa mlangoni kwa mtu na kulipa papo hapo. Mkulima akawa huru, akala kwake. Wakubwa walikuwa wamemfikiria kila mtu, isipokuwa mwanamke anayeishi kwa kucheleweshwa kwa wenzake. Zita akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Agripina aliumia, lakini Mkatoliki mwema hakati tamaa. Aliwasha mshumaa kwa Mtakatifu Antoni, mtafutaji wa vitu vilivyopotea, akasali siku tisa arudishiwe foleni. Foleni ya akina nani, hakutaja.

Msimu uliofuata akajibiwa. Mnunuzi mmoja mcheshi, kalamu mbili mfukoni, alizoa kahawa za watu akiwaachia karatasi: fedha ziko njiani, njooni mjini Jumatatu. Jumatatu ofisi yake ilikuwa na kufuli, na mbele yake foleni ambayo ushirika haukuwahi kuiota. Agripina nusura acheze. Alikopa usipa sokoni, akabandika sufuria kubwa kuliko zote, akapika huku akiimba.

Akaanza kupita na sahani. "Shikamoo baba, karibu chakula. Usipa wa leo, mama." Mkiani mwa foleni alisimama mwanamume aliyeshusha kofia mpaka puani, karatasi mkononi. Agripina aliijua kofia ile, aliinunua mwenyewe. Wiki iliyopita tu Wendelin alimwapia kwamba kahawa yao bado iko ndani.

"Baba Zita, kahawa yetu?"

"Yote, Mama Zita. Alisema Jumatatu."

"Na ada ya mtoto?"

Wendelin aliitazama sufuria. Tangu jana asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

"Nipakulie kidogo," alisema. "Wakinilipa, nitakulipa."